Ugwe wa upinde umelegea, niufanyeje?

Swali (Wete): Assalaam alaykum. Upinde wangu wa mti niliutundika na ugwe wake tangu Mfungo Mosi, karibu na dirisha la baharini. Sasa mshale unatoka ukitikisa mkia, na nyuzi zimeanza kuchambuka.

Jibu (Makunduchi): Waalaykum salaam. Vua ugwe kila ukimaliza, ami! Mti ukikaa umepindwa unazoea. Usokote ugwe mizunguko michache, upande uleule uliosokotwa. Utafupika, utakaa mbali zaidi na mshikio. Kisha nta ya nyuki, isugue kwa vidole mpaka ipate moto.

Jibu (Chake): Uzi ukikatika hata mmoja, badilisha ugwe. Tena usiuvute upinde ukauachia bila mshale. Wangu ulipasuka hivyo, kijana wangu akijionesha kwa wenziwe.

Swali: Nimesokota. Mkia umetulia kidogo. Nta bado naitafuta.