Mjadala: Je, wanafunzi wafundishwe kuyahoji matangazo ya pombe?

Mwalimu wa Kisauni: Ndugu zangu, nashikilia kwamba wanafunzi wa sekondari wafundishwe kulihoji tangazo la pombe kama wanavyofundishwa kuchambua shairi. Nilipowaonyesha wangu bango moja la bia, walitaja marafiki wanaocheka, jezi za mpira na matone ya maji kwenye chupa. Ilichukua muda msichana mmoja kuuliza mbona hakuna aliyelewa, na ni nani atakayelipa. Onyo kuhusu walio chini ya miaka 18 lilikuwa chini kabisa, kwa herufi ambazo hakuna aliyezisoma. Sheria ya Kenya ya mwaka 2010 ya kudhibiti vileo inazuia leseni ya baa ndani ya mita 300 kutoka shuleni, lakini picha hizo zimo kwenye simu ya mtoto hata akiwa kitandani. Wazazi wengi wa Pwani hudhani kwamba kusema "ni haramu" kunatosha.

Mama wa Majengo: Mwalimu, hilo la mwisho limenichoma. Wanangu niliwakataza na nikawaeleza sababu, wala sikungoja shule. Isitoshe, wanaoharibika mtaani kwetu hawakuharibiwa na bango. Muguka, majani yanayotafunwa kama miraa, hauna bango hata moja, na Kaunti ya Mombasa ilipoupiga marufuku Mei 2024, amri ilisimamishwa mahakamani. Huo mtauchambua vipi?

Kijana wa Likoni: Mama, kwa heshima zote, muguka unatangazwa kila jioni: ni wale vijana wa maskani wanaomsogezea mwenzao nafasi akae. Tangazo la bia limeiga maskani hiyo hiyo, likaweka taa nzuri na muziki. Ndiyo maana sera ya taifa ya mwaka 2025 kuhusu pombe na dawa za kulevya, inayopendekeza umri wa kunywa upande hadi miaka 21 na watu mashuhuri wasitangaze pombe, haitoshi bila somo la Mwalimu, kwani anayeuziwa urafiki hajui kwamba anauziwa pombe.

Mama wa Majengo: Mwanangu, usinieleze maskani, nimewatoa watoto huko kwa mkono wangu. Hilo la urafiki nalikubali. Ninachotaka kujua sasa ni nani atakayefundisha, maana mwalimu anayeingia darasani Jumatatu amevaa jezi yenye jina la bia kifuani, naye atahojiwa na nani?