Kipande cha baada ya majina: ni filamu, au ni tangazo tulilolipia?

Baba Pacha (mleta mada)

Wakuu, salaam. Jumamosi niliwapeleka wanangu wawili sinema, wana miaka kumi na mmoja. Muvi ya mashujaa, sitaitaja. Imeisha, steringi kashinda, taa zimewashwa, majina ya walioitengeneza yameanza kupanda. Nikanyanyuka. Wenzangu wamekaa kama wamegandishwa na gundi: "Baba, bado." Nikakaa. Majina yakapanda. Yakazidi kupanda. Dada wa usafi kasimama mlangoni na fagio na kizoleo, anatutazama, nasi tunamtazama. Nje kuna bajaji niliyoiomba isubiri, dereva anapiga simu ya tatu. Baada ya dakika kama kumi kikatokea kipande kisichofika nusu dakika: jamaa nisiyemfahamu kafungua mlango, katamka neno moja, giza. Watoto wakashangilia. Nikauliza, huyu nani? "Huyo ni wa muvi ijayo, baba."

Yaani nimemlipa dereva wa bajaji pesa ya kusubiri ili nitazame trela.

Hoja yangu ni hii. Tuliosoma hadithi za magazetini tunalijua neno ITAENDELEA. Linakuja pale pale hadithi inapokatika, halijifichi nyuma ya kurasa za matangazo. Na wale wa Bongo Muvi walipokuwa wakitukatia hadithi Pati Wani na Pati Tu ili tununue mara mbili, tuliwasema mpaka wakakoma ubishi. Leo Marekani wanafanya kilekile, tunaita ubunifu.

Jambo lenyewe si geni. The Silencers ya mwaka 1966 iliwaahidi watu mwishoni kwamba jasusi wake, Matt Helm, angerudi. The Muppet Movie ya 1979 na Ferris Bueller's Day Off ya 1986 ziliwatania waliobaki ukumbini, zikawaambia waende nyumbani. Huo ni utani, sina ugomvi nao. Ugomvi wangu unaanza 2008, Iron Man, pale Tony Stark, ndiye Iron Man mwenyewe, anaporudi kwake usiku na kumkuta mgeni, Nick Fury, anamsubiri gizani kumweleza habari za Avengers, kundi la mashujaa. Kipande kile kilifanya kazi nzuri mno, na ndiyo balaa lenyewe. Toka siku ile kila mwenye kamera anataka na yeye awe na mgeni wake wa gizani.

Napendekeza mawili. Kilicho cha hadithi kiwekwe kabla ya majina. Na kumbi zibandike mlangoni: "Ina kipande, kimoja katikati ya majina na kimoja mwisho kabisa," mtu ajipange na usafiri wake. Naomba kuwasilisha.

Nyali Kwetu

Pole kwa bajaji, kaka. Lakini ukibandika mlangoni umeua kitu chenyewe. Raha iko katika kutojua. Mmebaki sita ukumbini, hamjuani, kila mmoja amtazama mwenziwe kama aulizaye "wewe wajua nini?"

Mwenye mfano mzuri ni The Avengers ya 2012. Vita vinapoisha, Tony kalala chini hoi, asema kuna mahali pauza shawarma, ataka kwenda kuionja. Mtu ukasahau. Majina yote yapita, mwisho kabisa: mashujaa sita wameizunguka meza, watafuna, hapana aongeaye. Kimya, sauti ya karatasi na mtu wa duka afagia vioo. Basi. Yale walipiga picha Aprili 2012 baada ya filamu kuwa ishazinduliwa Los Angeles! Chris Evans alikuwa ashafuga ndevu za kazi nyingine, wakambandika taya la bandia, ndiyo sababu amekaa kajishika uso wala hali chakula. Niambie hiyo ni tangazo la nini. Labda la shawarma.

Mzee wa Kibanda

Vijana, mnazungumza kana kwamba kusubiri mwisho mmefundishwa na Marvel, hao wenye Iron Man na Avengers. Mimi nilikuwa na kibanda umiza Tandika, enzi za mikanda ya VHS, watu wamebanana kwenye mabenchi kama dagaa, feni moja. Muvi za wengine zikiisha wanatoka wakati adui bado anaanguka. Ya Jackie Chan hatoki mtu. Kwa nini? Kwa sababu mwisho wanaonyesha alivyoumia.

Police Story ya 1985, ile ya kuteleza kwenye nguzo yenye taa ndani ya duka kubwa. Armour of God ya 1986 ndiyo kubwa kuliko: karuka kwenye mti kule Yugoslavia, tawi likakatika, kaanguka kichwa kikapasuka fuvu, na mwisho wa muvi wanakuonyesha anavyobebwa. Watu kimya. Vijana waliokuwa wanabishana wiki nzima kama anapigana kweli au ni kamera, pale ubishi ukaisha. Siku moja nilizima mapema ili niingize kundi la pili, nikarudishiwa benchi juu juu. Walidai chenji yao.

Kwa hiyo mimi sikubaliani na Baba Pacha kwamba cha baada ya majina ni cha kando. Kwetu kile ndicho kilikuwa ushahidi.

Ila na sisi tuna dhambi zetu. Hizi za kutafsiriwa, toka enzi za mtafsiri Lufufu mpaka hao madijei wa sasa, mara nyingi muvi ikiisha mtafsiri anaaga, anasalimia mitaa, anataja namba ya simu, na inakatwa hapohapo. Kuna muvi nimeziangalia mara ishirini na sijui mwisho wake una nini.

Mkata Picha

Nitaongea kama mtu wa kazi hiyo. Nahariri video, tamthilia na matangazo ya harusi, chochote kinacholeta kodi ya nyumba.

Mleta mada anasema "majina yakapanda, yakazidi kupanda" kama vile ni mvua. Ni watu wale. Muvi moja ya mashujaa ina majina ya maelfu, na wengi wao ni waliokaa kwenye kompyuta usiku kucha kumfutia steringi waya mgongoni. Life of Pi mnaikumbuka, yule chui milia kwenye mtumbwi? Kampuni iliyofanya kazi kubwa ya chui yule, Rhythm & Hues, iliomba hifadhi ya kufilisika Februari 2013. Mwezi uleule, siku chache baadaye, kazi yao ikachukua Oscar ya picha za kompyuta. Kiongozi wao wakampigia muziki wa kumwondoa jukwaani, na alipotaja shida za kifedha za kampuni, maikrofoni ikazimwa. Septemba 2023 wafanyakazi wa picha za kompyuta wa Marvel walipiga kura ya kuungana na IATSE, chama cha wafanyakazi wa filamu na jukwaa, na kura zote zilizopigwa zilisema ndiyo. Ndio haohao majina unayoyasubiri yapite.

Mimi mwenyewe kwenye tamthilia moja, miezi minne ya kazi, jina langu lilipita kwa kasi ya basi la mkoani, na lilikosewa herufi. Mama yangu alisogea karibu na runinga kulitafuta, hakuliona.

Kipande cha mwisho ni hila, nakubali. Lakini ni hila pekee iliyofanikiwa kumweka mtazamaji kitini wakati majina yetu yanapita. Mkikiondoa, tunabaki na fagio.

Baba Pacha

Mkata Picha, umenigusa, hasa hapo kwa mama. Lakini tuambizane ukweli. Wanangu hawakusoma jina hata moja. Mmoja alikuwa anamalizia bisi za mwenzake, mwingine ananieleza ukoo wa yule wa mlangoni. Kumweka mtu kitini si kumfanya asome. Mnatumia tangazo kama chambo, na samaki anakula chambo anaondoka.

Mzee wangu wa Kibanda, ya Jackie Chan nayakubali kwa mikono miwili. Ile haikuuzii kitu. Inakulipa kwa ulichokwisha kutazama. Ninachokataa ni deni. Chukueni Black Adam, Oktoba 2022. Majina yameanza, moshi, anatokea Superman mwenyewe, Henry Cavill, ukumbi unataka kubomoka. Disemba hiyohiyo Cavill akatangaza kwamba harudi, wenye kampuni wameamua kuanza upya na kijana mwingine. Miezi miwili! Hata mkopo wa kausha damu unakupa muda kuliko huo. Watu walilipa kiingilio, wakashangilia ahadi, na ahadi ikafa kabla ya Krismasi.

Nyali Kwetu

Ya Black Adam sina la kuitetea, naipisha.

Lakini nikupe silaha nyengine kaka, maana nimeikumbuka na yanichoma. Pirates of the Caribbean, ile ya tatu, At World's End, 2007. Will ashakuwa nahodha wa merikebu ya wafu, aruhusiwa kukanyaga nchi kavu siku moja kila miaka kumi. Waagana na mkewe Elizabeth pale ufuoni. Majina. Dada yangu akatoka, na aliishi miaka mingi akiamini hawakuonana tena wale. Akiisimulia hivyo, na akiisimulia vizuri, kwa huzuni. Kumbe mwisho wa majina yote Elizabeth yuko juu ya jabali na mtoto wa kiume, jua lazama, mwanga wa kijani wapiga, na merikebu yaja. Miaka kumi imetimia.

Hiyo si trela wala utani. Hiyo ndiyo hadithi yenyewe, wameifungia stoo. Nilipomwonyesha alikasirika. Alisema mwisho wake ulikuwa mzuri zaidi.

Shangazi wa Ubungo

Mnabishana nini wakati kuna programu za simu zinakwambia? RunPee inakueleza hata dakika ya kwenda chooni bila kupitwa, na kama kuna kitu baada ya majina. Fungua, soma, funga, kaa au ondoka.

Hata hivyo nami yalinikuta. Sinners, mwaka 2025. Blues, kijana Sammie na gitaa lake, mapepo wanyonya damu, nimelia, nimemaliza, nikasimama majina yalipoanza kwa sababu kesho kazini. Kesho yake mfanyakazi mwenzangu ananiuliza, "Umemwona Sammie mzee?" Sammie mzee yupi? Kumbe katikati ya majina kuna sehemu nzima, 1992, Sammie ni mzee anapiga gitaa, na anayemwigiza ni Buddy Guy, mwanamuziki wa blues wa kweli. Halafu wanakuja wageni wawili ambao hawajazeeka hata siku moja. Sitasema zaidi, kuna wasioiona. Bila sehemu ile hujui Sammie alichagua nini maishani. Nililipa nauli na kiingilio mara ya pili kwa ajili ya hiyo.

Kwa hiyo bango mlangoni naliunga mkono. La kupunguza utamu hapana, mtu akiambiwa "usiondoke" hajaambiwa kuna nini.

Na nyumbani ndiyo balaa. Muvi inaisha, bado hujafuta machozi, majina yanakimbizwa kwenye kona yawe kama stempu, na mashine inahesabu ikuletee kitu kingine. Rimoti naitafuta chini ya kochi.

Mzee wa Kibanda

Shangazi, hilo la kona ni matusi. Nami nimemwelewa Baba Pacha sasa, anagombana na deni, hagombani na kipande. Basi hujaitaja iliyo bora kuliko zote. Avengers: Endgame, 2019. Saa tatu nzima. Watu wakakaa wasubiri mgeni wa gizani kama walivyozoeshwa miaka kumi na moja. Hakuja mtu. Picha hakuna. Sauti tu ya nyundo inagonga chuma, ni ile ya Tony akitengeneza vazi lake la kwanza pangoni, kwenye Iron Man.

Kijana aliyekaa nyuma yangu alisema, "Wametupiga." Mimi nimefanya kazi kwa mafundi vyuma mtaa wa Gerezani, Dar, kabla ya kibanda. Niliijua ile sauti kabla sijajua ni ya nani. Sikunyanyuka mpaka taa.

Baba Pacha

Hiyo naipokea. Ila ona, mzee, hata hiyo wewe uliielewa kwa sababu ilirudi nyuma. Haikukutuma dukani.

Fagio la Usiku

Samahanini, mimi huwa nasoma tu siandiki. Nafanya usafi kwenye ukumbi wa sinema, si lazima ule wa mleta mada, zote tunasimama mlangoni vilevile.

Tunapewa muda mchache kati ya onyesho na onyesho, na majina yanaula. Mkikaa watu wanne safu ya nyuma, mimi naanzia mbele, nazoa bisi gizani kwa tochi ya simu. Sina hasira na mtu. Msimamizi ndiye anayeangalia saa.

Nilichotaka kusema ni kwamba nimeviona hivyo vipande vingi kuliko ninyi. Kila siku mara nne, mara tano. Najua nani anafungua mlango, nani anatokea kwenye moshi, najua sekunde muziki unapobadilika nijitoe pembeni nisiwazibe. Muvi zenyewe sijaziona. Kuna mzee mmoja wa gitaa ambaye Shangazi amemtaja, nilikuwa nasimama na kizoleo namsikiliza mpaka anamaliza, kila siku, wiki tatu. Sikujua ni nani wala kwa nini wale wageni wawili wamekuja kumwona.

Shangazi, kama hutojali, nisimulie mwanzo wake.