Nimekwama kwenye Nagona, naomba ushauri

Habari zenu wapenzi wa riwaya. Hivi karibuni nilisoma Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi kwa siku mbili tu, ikaniliza. Nikarukia Nagona yake ya 1990, kitabu chembamba kabisa, na hapo ndipo nilipokwama. Nimeianza upya mara tatu, nimeisoma kwa sauti, nimeandika pembeni kila ishara niliyoiona, bado msimulizi ananipotea. Lugha yake naipenda mno, ndiyo maana sitaki kuiacha.

Mliofika mwisho, mliisoma kama hadithi au kama shairi refu la kifalsafa? Na je, niendelee nayo hivi hivi, au nitangulize Kichwamaji (1974) ndipo niirudie? Natanguliza shukrani.