Wakuu, mtu mzima anang'oa ukuta wa miaka zaidi ya 2000 ili achome mishikaki?

Wakuu, usingizi umegoma, acha niyatoe hapa.

Jumamosi tulitoka Manchester kwenda Conwy, kaskazini mwa Wales. Tumechangishwa pauni 35 kila kichwa. Tangazo kwenye grupu lilisema "ngome ya kale na mandhari ya bahari", wengi wakajua ni lile kasri la Mfalme Edward wa Kwanza pale mjini, lenye minara. Kumbe mratibu (simtaji, anajijua) kakwepa kiingilio, akatupandisha kilima cha nyuma ya mji, Mynydd y Dref, mita 244 tu. Watu wamefika juu wanauliza ngome iko wapi, na huku wameikalia!

Mimi nilikuwa nimesoma kidogo. Inaitwa Caer Seion, ya Enzi ya Chuma, ilijengwa karne kadhaa kabla Warumi hawajakanyaga Wales. Ukuta ni mawe yaliyopangwa makavu, bila chokaa. Leo mengi yameporomoka, lakini misingi ya nyumba za duara zaidi ya 50 bado unaiona. Msonge kabisa, kama kwa bibi yangu! Wachimbaji wa miaka ya 1950 walikuta hadi vijiwe vya kombeo. Na ukisimama pale ukitazama bahari, kulia unaona rasi ya Great Orme, kushoto kisiwa cha Anglesey. Hakuna chombo kingepita bila hao jamaa kukiona. Haya yote mratibu hakutamka hata neno moja.

Yeye alitoa jiko la makaa, lile la kutumia mara moja. Upepo ukamsumbua. Akaenda kung'oa mawe ukutani, moja, mbili, tano, akajenga kizuizi. Nikamwambia, "Kaka, hapa panalindwa kisheria, hilo ni kosa." Akanijibu huku anageuza mishikaki: "Mawe tu hayo mdogo wangu, mbona yamejaa?"

Mawe tu! Mtu akichomoa tofali nyumbani kwako utamwambia yamejaa?

Alipomaliza akamwaga makaa kwenye vichaka vikavu. Vikavu, wakuu, mwezi wa saba! Niliyazima kwa maji ya kunywa ya wanangu, na mawe nikayarudisha nilivyoweza, ingawa sijui lipi lilikaa wapi.

Jana nimehoji kwenye grupu kwa adabu tu, nikatolewa. Leo rafiki kanitumia tangazo la safari ijayo: Tre'r Ceiri, ngome nyingine ya kale huko huko Wales, ambako kuta bado zimesimama.