Betri imekufa ndani ya dhamana, naye asema dhamana haifidii hewa ya bahari!

Binti wa Barani: Ndugu zangu wa Malindi, naandika nikiwa bado natetemeka kwa hasira. Yule bwana wa kaunta ya magari mapya mnamjua nyote, na sina haja ya kumtaja, kwa kuwa hakuna mwenye gari mjini hapa ambaye hajawahi kusimama mbele yake akatoka amenyong'onyea.

Gari langu halijatimiza mwaka. Asubuhi ya leo limekataa kuwaka: taa za dashibodi zimefifia, starta imelia mara moja, kisha kimya. Jirani akaniunganishia nyaya, likawaka, nikaenda moja kwa moja hadi kwao nikiwa na kijitabu cha dhamana mkononi, na mama mkwe wangu kiti cha mbele, maana nilikuwa nampeleka kliniki.

Yule bwana hakufungua boneti wala hakupima chochote. Aliichukua kadi yangu ya dhamana, yenye muhuri wao wenyewe, akaitazama, akanirudishia kwa ncha za vidole viwili mbele ya mama mkwe na wateja wote, akasema: "Mama, dhamana haifidii hewa ya bahari."

Hewa ya bahari! Wakati wananiuzia walijua kwamba gari litalala Malindi. Hewa hii ndiyo aliyoivuta Vasco da Gama alipotia nanga hapa mwaka 1498, na kama ingekuwa inaua betri kabla ya mwaka kwisha, basi kila matatu ya kwenda Mombasa ingesukumwa na abiria wake mpaka Kilifi. Lakini hata maneno ningeyameza. Vile vidole viwili! Kadi yangu mwenyewe!

Mzee wa Shella: Binti yangu, pole, lakini umelalamika sana bila kutuambia kijitabu kinasema nini. Ile dhamana ya miaka 3 au kilomita 100,000 inayotangazwa aghalabu haihusu kila kitu garini. Betri huhesabiwa pamoja na matairi, waipa na pedi za breki, yaani vitu vya kuchakaa, na ama huachwa nje kabisa, ama hupewa muda wake mfupi, mara nyingi miezi 12.

Binti wa Barani: Baba, nimeusoma ukurasa wa betri kabla ya kutoka nyumbani. Umeandikwa miezi 12, kwa kasoro ya kiwandani. Sikudai matairi, nilidai boneti ifunguliwe, naye akanirudishia kadi kwa ncha za vidole, mama mkwe akitazama!

Fundi wa Maweni: Dada, hilo la hewa ya bahari halina msingi. Betri ya volti 12 ina seli 6, na kila moja hutoa takriban volti 2.1, ndiyo maana betri nzima iliyojaa husoma kama 12.6 gari likiwa limezimwa. Ichajiwe usiku kucha, kisha ipimwe. Ikigota kwenye 10.5, hapo seli moja imekufa, na kwa betri changa hivyo mimi ningeandika kasoro. Ikipanda vizuri ikakaa, basi huenda taa iliachwa ikiwaka au kuna kifaa kinachonyonya umeme, na hapo dhamana haitakusaidia. Chumvi hula vichwa vya betri kwa nje, ule unga wa kijani unaouona, na husafishwa kwa maji ya moto na brashi. Kinachofupisha maisha ya betri zetu ni joto.

Kijana wa Watamu: Gari jipya, na bado linaungiwa nyaya na jirani? Langu limetoka Japani likiwa kuukuu, halina dhamana ya namna yoyote, na halijapata kunifedhehesha mbele ya mkwe.

Binti wa Barani: Aliyenifedhehesha si gari. Ni vidole!

Mwalimu wa Gede: Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora wa kuridhisha. Mwombe akuandikie, kwa sahihi yake, kwamba sababu ni hewa ya bahari.

Nahodha wa Mokowe: Nyinyi mnalilia kukataliwa, mimi nalilia kukubaliwa. Betri ya boti yangu ilikufa ndani ya dhamana, wakakiri, lakini hawakunipa nyingine bure. Walihesabu miezi iliyobaki, wakanipunguzia bei kwa kiasi hicho, nami nikalipa sehemu kubwa kutoka mfukoni.

Mzee wa Shella: Walikuhesabia kwa bei ya siku uliyonunua, au kwa bei ya sasa?

Nahodha wa Mokowe: Kwa bei ya sasa, ambayo imepanda! Na hiyo mpya hawakuipa dhamana yake kamili, imerithi miezi iliyobakia kwa marehemu.

Kijana wa Watamu: Huo ni wizi wa mchana. Na ile iliyokufa walikurudishia?

Nahodha wa Mokowe: Waliibakiza.

Fundi wa Maweni: Nahodha, ungeidai. Ndani mna madini ya risasi, na wanunuzi wa vyuma chakavu huipima kwa kilo na kulipa taslimu. Fedha hiyo ilikuwa yako.

Nahodha wa Mokowe: Basi kesho navuka tena, wanilipe risasi yangu.