Tuipimeje miongozo ya kuwakinga vijana na itikadi kali?

Mlezi
Ndugu zangu, kamati ya wazazi niliyomo imeletewa miongozo mitatu ya kuwasaidia watu wazima kuwazuia vijana wasivutwe na makundi yenye itikadi kali, nami nimepewa kazi ya kupendekeza mmoja. Wa kwanza una kurasa nne za dalili: kijana anajifungia chumbani, amebadili marafiki, anaficha simu, amekuwa mkali akipingwa. Nilipoisoma orodha hiyo nilimwona binti yangu wa miaka 14 kila mstari, ilhali kinachomsumbua ni hesabu na chunusi. Je, ipo njia ya kuipima kabla ya kuigawa?

Mtathmini
Wasiwasi wako una mantiki ya kihesabu. Tuseme kati ya vijana 1,000 wawili tu ndio waliokwisha kuvutwa, na orodha ni hodari kiasi cha kuwanasa wote wawili huku ikiwakosea asilimia 5 tu ya waliobaki. Mtajikuta na majina 52 hivi, na 50 kati yao ni vijana wasio na lolote. Kwa hiyo angalieni zaidi kile ambacho mzazi anaelekezwa kufanya baada ya kuiona dalili. Mwongozo unaoruka moja kwa moja hadi namba ya kuripoti, bila hatua ya kuketi na kijana na kumsikiliza, uwekeni kando. Uingereza iliwawekea walimu wajibu wa kisheria wa kinga ya aina hii mwaka 2015, na mwaka uliofuata Maina Kiai, wakati huo mtaalamu wa Umoja wa Mataifa wa haki ya kukusanyika, alionya kwamba mpango huo ulikuwa ukizaa kinyume cha ulichokusudia, kwa kuwatenga na kuwanyanyapaa watu.

Mwalimu mstaafu
Nakubaliana na mwenzangu, ila msiishie kwenye kusoma. Dodoso linalojazwa watu wakiwa bado ukumbini hupima adabu ya wageni tu. Marekani, kituo cha utafiti cha PERIL cha Chuo Kikuu cha American kilitoa mwongozo wa wazazi mwaka 2020, kisha kikawapima wasomaji wake, ikaonekana kwamba hata dakika 7 za kusoma ziliongeza uelewa. Huo ni ushahidi wa maana, lakini anayeelewa si lazima atende. Wagaweni wazazi kwa kura, nusu wasome sasa na nusu baadaye, kisha wote wapeni mkasa mmoja: kijana anacheka video inayodhalilisha watu wa kundi fulani, akiulizwa anasema, “Ni utani tu.” Kila mzazi aandike maneno yenyewe ambayo angemwambia, na arudie baada ya wiki sita. Changanyeni na mikasa ya vijana wasio na tatizo, mwone ni wangapi watashtuka bure.

Mlezi
Nashukuru sana, Mwalimu. Mkasa huo nimemsomea mume wangu jioni hii, akajibu papo hapo: “Lete hiyo simu.” Mwongozo wa kurasa nne hauna hata sentensi moja ya kumpa badala ya hiyo. Wa tatu una ukurasa mzima, unaoanza na “Nani alikuonyesha, na wewe uliionaje?” Nitaomba kamati iujaribu huo kwanza, kwa kura.