Mji Mkongwe, Zanzibar: tupeane uzoefu wa kuingia (na kuingiza watu) kwenye nyumba za ibada za wenzetu

Mkunazini_Kwetu: Leo nimepita Malindi nikakuta mgeni na nguo ya kuogelea kasimama mlango wa msikiti anajipiga picha, na watu ndo wanatoka sala ya alasiri. Nimekumbuka mengi. Nyie mmekutana na nini?

Bint_Shangani: Mie Mkristo, kwaya yetu Ramadhani tunabadilisha saa za mazoezi zisigongane na tarawehe. Hakuna aliyetulazimisha.

Mtembeza_Wageni: Yangu sijawahi kuisema. Mie Muislamu, natembeza wageni mwaka wa tisa. Tumeingia lile kanisa la Mkunazini, mnalijua, palipokuwa soko la watumwa lililofungwa 1873, naeleza lile duara la marumaru mbele ya altare kwamba ndipo ulipokuwa mti wa kuchapia watumwa, nageuka nakuta kijana kajiinamisha juu ya duara mwenzake kavua mkanda anajifanya kumchapa, wanacheka, wanarikodi video. Kulikuwa na mama kapiga magoti anasali, akanyanyua kichwa akawatazama, hakusema neno, akainama tena. Nilitetemeka wallahi. Nikawatoa wote, pesa yao nikawarudishia. Nikarudi kumuomba radhi yule mama, akanambia mwanangu, waliochapwa hapa hawakuulizwa dini. Toka siku ile nawasimamisha kwanza nje pale shimoni kwenye sanamu za watumwa, wazitazame zile minyororo, simu mfukoni, ndo tunaingia.

Pwani254: Nimelia.

Mbara_Darajani: Pole kaka. Ila mimi msikitini nilizuiwa mlangoni, kanisani anaingia kila mtu. Mbona hivyo?

Mkunazini_Kwetu: Uliomba au ulijiingilia tu?

Mbara_Darajani: Mlango ulikuwa wazi

Bint_Shangani: Basi yakhe, ungemuuliza mzee yeyote hapo barazani.

Mbara_Darajani: Na nyie wenyeji mnafoka haraka mno, mtu hajui anafokewa kama mwizi!

Mpita_Hurumzi: Kweli kabisa. Mie hekalu la Wahindi nilivua viatu, kumbe mkanda wa ngozi nao hautakiwi, baba mmoja akanionyesha taratibu tu, nikauacha nje. Hakunifokea.

Pwani254: Bebeni kanga. Mgeni akikataa kujifunga asiingie.

Bint_Shangani: Ukimkatalia anarudi peke yake anaharibu zaidi, bora umueleze tokea hotelini.

Mtembeza_Wageni: Kanga zangu tatu zimeondoka na wageni hazikurudi. Kesho nanunua nyingine Darajani, nina kundi saa tatu.